Bastola ya Mama Adan

Hawo Dukicha alinunua bastola Mombasa, siku ya Jumatatu asubuhi, kisha akapitia sokoni kununua halua ya kuwapelekea majirani.

Dukani, msichana mmoja aitwaye Mitchelle alimpangia bastola juu ya kioo kama sonara anavyopanga bangili. Alimweleza kwamba hizi huitwa nusu otomatiki kwa sababu ukishafyatua, inajipakia risasi nyingine yenyewe, lakini haifyatuki tena mpaka kidole chako kiamue. Hawo akasema hiyo ni tabia nzuri. Mwanamume aliyetangulia kuhudumiwa alikuwa amehangaika kuvuta kile kipande cha juu kinachoteleza. Hawo alikivuta mara moja, kwa vidole vilivyokamua ng'ombe tangu utotoni, akachagua ile iliyolala vizuri mkononi. Nyuma ya duka palikuwa na uwanja wa kulengea shabaha. Alipiga karatasi mpaka mwalimu akaridhika, akapewa bastola yake katika kijisanduku cheusi.

Leseni ilikuwa imemchukua karibu mwaka mzima. Alipeleka alama za vidole, cheti cha tabia njema na karatasi ya daktari. Daktari alimuuliza kama huwa anaona vitu ambavyo havipo. Hawo alimjibu kuwa taabu yake ni kutokiona kitu ambacho kipo. Daktari aliandika kwamba mama huyu ana akili timamu.

Alichokuwa hakioni ni mwanawe, Adan. Kijana huyo alikuwa akifuatana naye kila siku ya mnada, maana Hawo alinunua ng'ombe na mbuzi kwa wafugaji wa nyanda za Tana na kuwauzia wachinjaji wa Malindi. Kisha, miaka miwili kabla ya bastola, Adan alikuwa ameketi kwenye kibanda cha chai cha Christabel, pale njia panda ya Minjila, lilipofika gari jeupe lisilo na namba. Walishuka wanaume watatu. Mmoja wao, mwenye sauti ya upole, alimwambia Adan amalize kwanza chai yake. Akamlipia. Akamshikia mlango wa gari mpaka akaingia vizuri. Tangu hapo Adan hakuonekana.

Mwanamume huyo aliendelea kufanya kazi papo hapo Garsen, mjini kwa Hawo, katika ofisi yenye bendera. Hawo alipokwenda kumuuliza, alipewa kiti, akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyechukuliwa na yeyote. Mji mzima ulijua. Watu waliendelea kumwita Hawo Mama Adan kwa sababu hawakujua jina lingine la kumwita.

Baadaye, akirudi mnadani peke yake, vijana walimvizia kwenye vichaka vya miba vya mathenge wakamnyang'anya kila kitu, hata viatu. Ndipo akaomba leseni.

Kupiga risasi alikuwa amefundishwa, lakini kuitunza silaha hakufundishwa na mtu. Alimwendea jirani yake, Winfred Kavumbi, mwanamke wa Kigiriama aliyestaafu kazi ya magereza na sasa alikuwa akilima mahindi na kufuga bata nje kidogo ya mji. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutunza ghala la bunduki. Kila asubuhi alinunua maziwa kwa Hawo, na Hawo alimwita Sajini, cheo alichostaafu nacho.

Somo la kwanza lilikuwa barazani kwa Hawo, juu ya mkeka, bata wawili wakiwa wamemfuata Winfred kutoka kwake. Winfred alimwonyesha kwamba kazi ya kwanza ni kuichomoa ile magazini inayobeba risasi na kuiweka mbali. Halafu unavuta kipande cha juu nyuma, unatazama chemba, unaingiza kidole, unatazama tena. Hata kama umeitazama sasa hivi. Hata kama aliyekupa ni mamako. Kisha unakivua kile kipande, unatoa springi, unatoa mtutu, unavipanga kwa utaratibu ulivyovitoa. Brashi hupita ndani ya mtutu kwa upande mmoja. Mafuta ni tone tu, kwa sababu vumbi la Garsen hupenda mafuta.

Winfred alipouinua mtutu aangalie mwangaza, ulimwagika mchanga, kiasi cha kijiko.

"Wamekuuzia na mchanga," alisema.

Waliusafisha, Winfred akaumwaga mchanga chini ya mwarobaini, wakanywa chai.

Asubuhi iliyofuata bastola ilikuwa na mchanga tena, ingawa ililala ndani ya sanduku la chuma lililofungwa ukutani kama sheria inavyotaka. Kesho yake vilevile, na sasa ulijaa kikombe. Hawo alipiga simu dukani. Mitchelle aliuliza kwa meneja, akarudi kusema kwamba dhamana haihusiki na mchanga. Winfred aliusugua kati ya vidole. Ulikuwa wa kijivu, laini, umelowa, na una chembechembe zinazometa. Si mchanga wa barabarani, alisema, huu ni wa mto, tena wa chini kabisa, na unyevu huo utaiharibu springi. Basi wakawa wanaisafisha kila siku.

Wiki ya pili, brashi ilisukuma nje kijiti. Kilikuwa mswaki, umetafunwa ncha zote mbili.

Hawo alikishika muda mrefu. Alimwambia Winfred kwamba Adan alikuwa akitafuna mswaki huku na huku, na yeye alikuwa akimgombeza kila siku kwamba mtu haoshi meno kwa pande mbili za kijiti. Winfred aliinuka, akachukua ufagio na karai, akaenda chini ya mwarobaini. Walifagia ule mchanga wote waliokuwa wameumwaga, wakautenganisha na majani na kinyesi cha bata, kazi iliyowachukua mpaka alasiri.

Hawo alitandika shuka safi kwenye kitanda cha Adan akaumimina pale. Mchanga haukutawanyika. Ulijikusanya mwishoni mwa kitanda ukawa nyayo mbili, mmoja juu ya mwingine.

Tangu siku hiyo namna ya kusafisha ilibadilika. Winfred alikuwa amemfundisha kuanzia popote, mradi asiruke kitu. Sasa Hawo alianza upande wa kulia. Alitumia maji ya uvuguvugu kwa mikono yake kabla ya kugusa chuma, na kitambaa kipya kila mara. Hakuwa anaharakisha. Winfred, aliyekuwa Mkristo lakini alishahudhuria misiba mingi ya Waorma, alielewa kinachofanyika, naye akawa anamshikia karai. Siku nyingine Hawo alisimulia. Alisema Adan aliogopa kuku hadi alipoanza kubalehe. Alisema alikuwa mvivu wa kuandika lakini aliweza kukwambia ng'ombe huyu ni wa nani kwa kuangalia kwato tu. Winfred naye alisimulia habari za mumewe, Gunga, aliyechukuliwa na homa, na akakiri kwamba mpaka leo humpakulia chakula kisha akawapa bata.

Mchanga ulipanda kitandani polepole. Miguu ilikunjika magotini, kama Adan alivyolala. Kiuno kikaja, kisha mgongo. Majirani waliokuja kununua maziwa walichungulia mlangoni, wakasema anaendelea vizuri. Molu, kaka yake Hawo, alikuja kutoka Chewele, akaketi kando ya kitanda adhuhuri nzima akimfukuzia inzi.

Mchanga ulipofika mabegani, ulikatika. Wiki nzima mtutu ulikuwa mkavu. Hawo aliipangua bastola asubuhi na jioni, akaipuliza, akaisemesha kwa Kiorma. Hakikutoka kitu.

Ndipo ikaja taarifa kwamba afisa atafika kukagua silaha. Sheria inataka aone sanduku, aione bastola, na ahesabu risasi. Hawo aliuliza ni afisa yupi, akatajiwa yule mwenye sauti ya upole.

Risasi hazikuwa nyumbani kwa Hawo. Mchana ule mswaki ulipotoka, alikuwa amezifunga kwenye kitambaa akampa Winfred amwekee, bila kueleza, na Winfred alizipokea bila kuuliza. Sasa alikwenda kumwambia azilete.

Winfred alikuwa akipalilia. Aliegemea jembe.

"Ni kwa ajili ya ukaguzi?" aliuliza.

"Sijui, Sajini," Hawo alisema. "Sitaki kukudanganya. Sijui ni kwa ajili ya nini."

"Ni zako, Mama Adan. Nitakuja nazo. Lakini nitaketi karibu na wewe."

Afisa alifika asubuhi, peke yake, akapiga hodi na kuvua viatu mlangoni. Alipewa chai ya maziwa. Alipopita ukumbini aliona kitanda kwenye chumba cha pili.

"Nani amelala?"

"Adan," Hawo alisema.

Afisa alishusha sauti. Alisema basi tusimwamshe, na akaketi.

Winfred alifungua mkoba wake akazimimina risasi kwenye sinia. Afisa alizihesabu kwa ncha ya kidole, zikatimia. Aliomba bastola. Hawo alimpa ikiwa wazi kama alivyofundishwa, na magazini iliyo tupu akaiweka kwenye sinia, kando ya risasi. Sinia ilikuwa karibu na goti lake la kulia. Hakuhitaji hata kunyoosha mkono.

Afisa alikivua kile kipande cha juu kwa ustadi, akautoa mtutu, akauinua usawa wa jicho.

Mchanga ulianza kumwagika. Mwanzo ulikuwa kama uzi, ukamwangukia kwenye suruali. Kisha ukaongezeka, ukaja mzito, umelowa, na konokono wadogo wa mtoni, ukajaa mapajani mwake na kuteremka kwenye mkeka. Afisa hakusogea. Aliushika mtutu vilevile, mkono ukiwa imara, akisubiri umalizike, kama mtu anayesubiri foleni.

Winfred alimtazama Hawo. Hawo aliitazama sinia. Risasi zilikuwa pale, zimejipanga, na aliyekuwa mbele yake hakuwa na silaha mkononi isipokuwa mtutu uliovuliwa. Kisha mchanga ukaanza kumwagika nje ya mkeka, kwenye sakafu, na Hawo akapiga magoti, akakinga viganja vyote viwili.

Alikinga, akamimina kwenye karai, akakinga tena. Mikono yake haikupata nafasi ya kitu kingine. Winfred alipiga magoti upande wa pili, naye akakinga. Wanawake wawili walikuwa wameinama mbele ya mtu yule hadi mchanga ulipoisha, na hata hapo Hawo hakuinuka. Alianza kuukung'uta ule uliobaki kwenye mikunjo ya suruali ya afisa, taratibu, ili usipotee hata kidogo.

"Ulimwacha wapi?" alimuuliza, bila kuinua macho.

Afisa aliurudisha mtutu mahali pake, springi, na kipande cha juu. Alisema huku delta unyevu ni mwingi, silaha nyingi zina tatizo hilo. Alimsifu kwa utunzaji. Alisema hajawahi kuona mama anayeijua silaha yake hivi. Akatia saini, akamaliza chai, akavaa viatu.

Walipoumimina mchanga ule kitandani ulipanda mabegani, shingoni, ukawa uso. Alikuwa amefumba macho. Hawo alimpangusa tope sikioni kwa ncha ya leso, kisha ndipo akalia, na Winfred akamshika mpaka akanyamaza.

Maalim Kuno aliulizwa kama Adan anaweza kuzikwa. Alisema amewasalia watu waliochukuliwa na mto na mamba ambao kilichopatikana ni kidogo kuliko hiki. Wanaume walimfunga sanda, wakashangaa kidogo tu uzito wake, maana alikuwa ameloa. Molu alishika upande wa kichwa. Kaburini hawakuwa na haja ya kumgeuza, kwa kuwa alikuwa tayari amelalia ubavu wa kulia. Hawo na wanawake wengine walibaki nyumbani kama desturi ilivyo. Wagiriama wa upande wa Winfred walileta kuni na viti, na Christabel alifunga kibanda chake akaja kupika chai ya watu wote.

Arobaini ilipopita, Hawo alikwenda kwenye ofisi yenye bendera kuripoti kwamba mwanawe amepatikana, na kwamba sasa anaomba cheti cha kifo na uchunguzi. Karani alimsikiliza kwa adabu. Alimweleza kwamba kama ulikuwa ni mwili, ulizikwa bila kibali, na hilo lina taratibu zake. Kama ulikuwa ni mchanga, basi kuchota mchanga wa mto pia kunahitaji kibali, na kuna ushuru. Alimshauri achague moja. Hawo alisema atafikiria. Bado hajaitwa kwa lolote.

Bastola haijatoa mchanga tena. Huivaa kiunoni ndani ya buibui siku za mnada, na hakuna aliyemvizia. Ijumaa jioni Winfred huja na bata wake, wanaipangua pamoja, wanaipaka tone la mafuta, wanaipanga.

Afisa huja mnadani naye, hasa karibu na sikukuu, kununua mbuzi. Hawo humuuzia kwa bei ya watu wote. Siku ya kwanza, watu waliokuwa karibu walinyamaza kusikiliza. Sasa wameshazoea, na wanaendelea kupapasa mbuzi wao na kubishana bei.

"Hujambo, mama?" afisa husema.

"Sijambo, mwanangu," Hawo humjibu, akimkabidhi kamba ya mbuzi. "Nani aliwatuma?"

Afisa husema tumwombe Mungu. Hawo huitikia amina, na mnada unaofuata humuuliza tena.