Dawa ya Watu Watatu

Maji ya bukari yalikuwa yamechemka, na Honorine alikuwa na unga mkononi, jirani yake alipofika mbio kumwambia aache jiko. Hakuuliza kwa nini. Aliumimina unga, akasonga mpaka ukaiva, akawagawia wachimbaji waliokuwa wakingoja kando ya mashimo ya kobalti ya mtaa wa Kasulo. Kisha akajifunga kitenge upya, akaenda nyumbani. Mume wake, Mukuna, alikuwa amelala ubavu kama alivyomwacha asubuhi, ila sasa hakuwa akikohoa.

Alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu mpaka zikaisha, kikohozi kikarudi, akaanza tena. Mwishoni walichukua makohozi yake, wakayatuma Kinshasa kwa madaktari wanaotafiti dawa mpya. Jibu lilikuja matanga yamekwisha. Kabasele, muuguzi wa mtaa, alilileta mwenyewe, akasimama karibu na masufuria.

"Mama Honorine, kile kidudu cha kifua cha tata Mukuna kiliota kule ku labo. Badokta balikijaribu na dawa zote. Zile alikuwa anameza hazikifanyi kitu. Ile mupya njo ilikiua."

"Ilikiua lini?"

"Mama?"

"Ninauliza, mbele ya kumuzika, ao kisha?"

Kabasele aliangalia viatu vyake. "Kisha."

"Na sasa kimeisha?"

"Hapana. Bamekiweka mu frigo. Banakilisha kidogo, banakipimia dawa zingine."

"Mukuna chakula ilikuwa inamushinda," Honorine alisema. "Kidudu chake kinakula."

Hakupaza sauti. Alikwangua ukoko wa sufuria hadi kijiko kikalia.

Kabasele hakuwa amekuja kwa hilo tu. Alitaka makohozi ya waliochimba shimo moja na marehemu. Walikuwa wawili. Banza alikuwa amerudi kwao Musumba, ambako simu yake haikupatikana. Aliyebaki ni Merdi, mdogo wake Mukuna, ambaye alikuwa ameketi pale pale kati ya wenzake, anakohoa, na mfuko wa maziwa mkononi. Aliyanywa kila siku kuosha kifua.

"Ni vumbi, shemeji," Merdi alisema. "Nani mu Kasulo hana vumbi? Hata kuku ya hapa inakohoa."

Wenzake walicheka. Honorine aliichukua sahani ya Merdi, akaifunika, akaiweka nyuma yake.

"Bukari yako iko. Kohoa kwanza mu hii kopo."

"Mbele ya bantu?"

"Maziwa unakunywa mbele ya bantu."

Merdi alienda nyuma ya ukuta, akarudi. Kabasele aliinua kopo kwenye mwanga. "Hii ni mate." Akampa lingine. Mate tena.

"Toa chini, chini kabisa, kama unapandisha mufuko ya mawe."

"Mufuko iko na kamba, docteur."

Mara ya tatu alikawia. Walimsikia akikohoa, akinyamaza, akikohoa tena, na hakuna aliyecheka. Aliporudi macho yalikuwa na machozi, na ndani ya kopo kulikuwa na kitu kizito, cha njano. Aliketi.

"Docteur, ile dawa ya yaya Mukuna, mi pia nilimezaka."

"Uliipata wapi?"

"Alikuwa anatugawia. Tukimaliza kula mu shimo, yeye kimoja, mi kimoja, Banza kimoja. Sisi wote tulikuwa tunakohoa. Mukojo ilikuwa inatoka nyekundu ya dawa, tunachekana."

Honorine aliacha kukwangua. Kila asubuhi alikuwa amemtilia Mukuna vidonge kiganjani, naye alivifunga kwenye kona ya leso akisema atavimeza akishakula, kwa sababu tumbo tupu linaungua. Chooni alikuwa ameona wekundu sakafuni, akamshukuru Mungu kwamba dawa inafanya kazi.

"Na wewe ulinyamaza," alisema.

"Ilikuwa dawa ya muzuri, shemeji. Kikohozi kilipungua. Na yaya alisema, mi nikipona peke yangu, nitachimba na nani?"

Honorine alitaka kumkasirikia Mukuna, lakini Mukuna hakuwepo wa kukasirikiwa. Alitaka kumkasirikia Merdi, na Merdi alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yametokeza chini ya shati. Kabasele alisema dawa ya mtu mmoja ikigawiwa watatu, kidudu huizoea, akafunga kopo, akalitia kwenye mfuko, akapanda pikipiki na kuondoka. Honorine alifunua sahani. Bukari ilikuwa imepoa na kupasuka juu. Alimpa Merdi hivyo hivyo.

Jibu la Merdi lilikuwa sawa na la kaka yake. Dawa mpya ilifika, ya mtu mmoja. Ya Banza haijaombwa, kwa kuwa Banza bado hajapatikana.

Sasa Merdi hashuki shimoni. Kila asubuhi, kabla ya wengine kuja, anaketi upande ambako upepo unapeleka moshi mbali na jiko, ili kikohozi chake kisifike kwenye masufuria, na Honorine anamtilia vidonge kiganjani. Anameza mbele yake. Halafu anafungua mdomo, anainua ulimi, na Honorine anainama kutazama chini yake, kisha ndani ya shavu la kulia, kisha la kushoto.