Shuka Safi Haligusi Mchanga

Nimeolewa katika nyumba ya madobi. Tunafua mashuka ya nyumba za wageni na ya zahanati, na mtu akiuliza kazi yetu ni nini hasa, mume wangu hujibu kwamba tunafua usingizi wa watu. Mzaha huo aliurithi kwa baba yake, na wateja hucheka kwa adabu tu.

Chumba cha kufulia kiko juu, kando ya barabara: matangi matatu ya saruji, la kufulia, la kusuuzia na la kutia bluu ya kung'arishia, sakafu isiyokauka, na harufu ya sabuni ambayo hata nikijipaka manukato inanifuata mpaka arusini. Nyuma ya chumba kuna ngazi za mawe, na chini ya ngazi ndiko tulikokuwa tukianika, kwenye mchanga wenyewe, mbele ya bahari. Nguzo za kamba alizichimbia baba mkwe wangu kabla sijafika katika nyumba hii. Alipofariki, mama mkwe alihamishia kiti chake kando ya nguzo ya kwanza, na tangu hapo akawa anakaa pale kutwa akituamrisha. Watu wote wanamwita Mama Kamba. Magoti yake yameharibiwa na miaka ya kusimama kwenye maji baridi, na kuzipanda zile ngazi kwake ilikuwa safari yenye vituo.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililompandisha bila kituo. Nyumba yetu ina sheria: shuka safi haligusi mchanga. Likigusa, aliyeliangusha analirudisha juu kulifua upya kwa mikono yake, na Mama Kamba mwenyewe anapanda kumsimamia mpaka liwe jeupe. Hasaidiwi mtu, awe mgonjwa, awe mgeni. Mimi nina mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Mwaka wangu wa kwanza nilifua kwa adhabu zaidi kuliko kwa kazi, na nilimchukia kidogo, sifichi.

Kwa habari za upepo hakuna aliyemshinda. Shuka likipiga makofi, alisema, huo ni upepo wa baharini, anika mazito. Likivimba tumbo, ni upepo wa nchi kavu unaokuja na vumbi, toa upesi. Na likining'inia tu, hakuna upepo, na pasipo upepo hapana mawimbi, kaa ule chakula chako kwa utulivu. Hilo la mwisho tuliliamini sote kama tunavyoamini kwamba maji hulowesha. Dobi anaishi kwa upepo unaomfikia kwenye kamba; mwingine wa nini?

Wifi yangu, binti wa pekee wa Mama Kamba, alikimbia sabuni akaenda kusoma. Anafanya kazi ofisi ya hali ya hewa, katika chumba chenye kiyoyozi, na kuna boya lililotiwa nanga mbali baharini linalomletea habari za mawimbi. Mawifi ni mawifi. Mimi nilimwona anajidai, yeye aliona nimemchukulia mama. Akija kututembelea huvaa viatu vyeupe vya kitambaa, kwenye sakafu kama ile yetu, na nilikuwa nikipita karibu naye na ndoo kwa makusudi.

Siku moja alikuja akashuka mpaka uwanja wa kuanikia, akarudi amekunja uso.

"Mama, zile ngazi mbili za chini zimetoka wapi?"

Kweli zilikuwa mpya machoni petu. Tangu niolewe zilikuwa zimefukiwa, na sasa mchanga ulikuwa umeondoka zikabaki wazi.

"Mchanga unakwenda na kurudi," alisema Mama Kamba. "Kama watoto."

Wifi akamwambia kwamba mwaka ule bahari za mbali zilikuwa zimepata joto kuliko kawaida, na pepo kali za huko zikahama njia yake. Kwa hiyo mawimbi yalikuwa yanatufikia kwa ubavu, yanaukokota mchanga wetu kuupeleka upande wa pili wa ghuba. Mchanga ndio uliokuwa ngao yetu. Mama Kamba akamjibu kwamba mashuka hayajamwambia lolote. Basi wifi akakunja mkono wa blauzi, akaenda kwenye tangi la kusuuzia, akayapiga maji kwa kiganja upande mmoja, mara akautoa mkono. Tuliyatazama yale mawimbi madogo yanatembea polepole mpaka upande tuliosimama.

"Mkono wangu umeshatoka," alisema. "Upande wenu hakujavuma kitu. Lakini wimbi limefika. Upepo wa hapa ni wako, mama, sikubishii. Haya mengine ni mawimbi ya upepo wa watu wengine."

Mama Kamba aliyatazama maji kwa muda. "Una mafuta mkononi," akasema. "Nimekusomesha uje unichafulie maji ya kusuuzia?"

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wifi aliondoka bila kunywa chai, na tangi tukalimwaga.

Siku yenyewe ilipofika ilikuwa nzuri kwa kila mtu isipokuwa dobi: mbingu safi, hewa imekufa, mashuka yananing'inia kama yaliyosusa. Mume wangu alikuwa amekwenda kupeleka mzigo. Nilikuwa kwenye tangi la bluu simu ilipolia mfukoni mwa aproni.

"Wifi, mama yuko wapi?"

"Kwenye kiti chake cha enzi. Atakuwa wapi?"

"Sikiliza. Kuna dhoruba ilipiga mbali sana, siku zimepita. Mawimbi yake yamepita kwenye boya sasa hivi, makubwa, na maji yanajaa. Mpandishe juu."

"Hapa hata uzi hautikisiki."

Nilingoja anijibu kwa kisomo chake nami nimrudishie. Hakufanya hivyo. Nilimsikia anapumua, kisha akasema kwa sauti nisiyoijua, "Sikuombi unipende. Nimempigia mama, anakata simu. Mimi siwezi kufika, wewe ndiye uko naye. Nakuomba, wifi."

Sikumwamini kuhusu mawimbi. Nilimwamini kuhusu mama yake.

Nilishuka. Mama Kamba alikuwa amekaa pale pale, mgongo kwenye nguzo ya marehemu mumewe, vibanio vya nguo mapajani.

"Mama, twende juu ukanywe chai."

"Chai hushuka. Tangu lini mimi nikaifuata chai?"

"Wifi amepiga simu. Anasema mawimbi yanakuja."

"Shuka linasemaje?"

Nilitazama. "Limetulia."

"Basi nasi tutulie. Nguzo hii nani aliichimbia?"

"Baba."

"Haya."

Kumbeba nisingeweza, yeye ni mwanamke mwenye mwili wake, na mimi ukinisimamisha kando ya fagio unaweza kukosea. Nikageuka kuitazama bahari. Mbali, kwenye maji yale yaliyolala, niliona mstari, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake mwingine, imepangana kama kamba zetu. Maji yakapanda taratibu mchangani, yakagusa miguu ya kiti, yakarudi.

"Maji yamejaa tu," alisema Mama Kamba, lakini aliinua miguu.

Nilijua angebishana nami mpaka tufe wote wawili. Ndipo hasira zikanipanda. Wanasema hasira hasara, na kwangu imekuwa hasara mara nyingi, ila siku ile nazishukuru mpaka leo. Nikaliendea shuka la kwanza, nikavuta kibanio, nikaliacha lianguke. La zahanati, jeupe, bichi. Nikalikanyaga. Nikaangusha la pili, la tatu, nikaipita kamba nzima.

Mama Kamba aliviachia vibanio vikamwagika mchangani. Halafu akasimama.

"Umerogwa?"

"Nimechoka na sheria zako."

"Yaokote," alisema. "Yote. Juu. Sasa hivi."

Niliyakumbatia nikakimbia ngazini, mazito kwa maji na mchanga, naye nyuma yangu anapanda bila kituo hata kimoja, ananitukana mimi, anamtukana mshenga aliyenileta, anaahidi kwamba nitafua mpaka kucha zitoke. Sijawahi kusikia matusi matamu kama yale. Kila nilipodhani anapunguza mwendo, nilimwambia neno jingine baya.

Tulipofika kwenye matangi akanionyesha kidole. "Fungua maji."

Hatukuyasikia maji ya bomba. Tulisikia kishindo nyuma ya nyumba, na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu. Tukaenda mlangoni. Bahari ilikuwa imeujaza uwanja mzima na inapiga ngazi, na kile kiti kilizunguka mara moja juu ya povu kisha hakikuonekana. Wimbi la pili likaja na kuing'oa nguzo ya kwanza. Juu ya yote hayo hapakuwa na upepo hata wa kupepea ukope. Mashuka ya kamba ya mwisho yalining'inia vile vile, mpaka nayo yakachukuliwa.

Mama Kamba alishika mwimo wa mlango. "Kiti changu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ulijua."

"Binti yako ndiye aliyejua. Mimi nilijua utanifuata tu."

Mama Kamba aliuachia mwimo wa mlango. Kisha akageuka, akayatazama mashuka yaliyojaa mchanga. "Sheria ni sheria," alisema. "Fua."

Nikafua. Alinisimamia kama kawaida yake, "hapo bado, na hapo bado," ila mkono wake ulikuwa mgongoni mwangu, na haukutoka mpaka nilipokamua la mwisho. Nililia juu ya yale maji na sikuona aibu. Nilishukuru kwa kila kitu kilichokuwa na uzito mle chumbani: matangi, ndoo, mkono ule. Simu ilipolia nilimwambia wifi maneno mawili, yuko juu. Nikamwambia asante. Akasema asante wewe.

Sasa tunaanika juu ya paa. Mama Kamba hakulalamika kuhusu mashuka wala kiti. Alikaa tu kwenye kiti kipya, na kila jioni mkono wake ulipapasa hewa pale ambapo nguzo ingekuwa. Wifi aliliona hilo alipokuja. Alituuliza nguzo ilikuwa na rangi gani, akaondoka bila kusema anakwenda wapi.

Alikuwa amekwenda upande wa pili wa ghuba, ule ambako kila kinachotoka kwetu huishia. Aliitembea ile pwani mpya ya mchanga wetu mpaka akaiona nguzo, imefukiwa nusu. Alirudi ameibeba begani, mwenyewe, sketi imelowa mpaka kiunoni, na vile viatu vyeupe havikutamanika tena. Mume wangu aliichimbia kwenye saruji ya paa, kando ya kiti.

Wifi alivua viatu akaviacha mlangoni vikiwa na tope. Nilivichukua niende navyo kwenye tangi. Nilikuwa na deni la ndoo zote nilizompitishia. Mama Kamba akaninyang'anya. Mwanamke ambaye hakuwahi kumfulia mtu alichokichafua mwenyewe alikunja mikono, akakaa na brashi, akavisugua kimoja kimoja mpaka vikawa vyeupe, na hapakuwa na wa kumsimamia. Akavibana kwenye kamba, karibu na nguzo. Shuka la pembeni lilikuwa limetulia kabisa.

"Mwanangu," alimwita wifi, bila kumtazama. "Huko kwa wenzetu upepo umeamkaje leo?"