Mshono wa Fundi Bomba

Kinyozi hajinyoi, na fundi cherehani naye ana gauni ambalo hajalitazama kwa ndani tangu siku alipolishona. Huyu wetu alikuwa nayo manne. Mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wanabahatisha, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka: cherehani ya miguu dirishani, kioo kirefu ukutani, meza ya kukatia, na futi ya kupimia shingoni mwake kutwa nzima. Mwanamke akiingia mlangoni, Fundi alishajua kiuno chake kabla hajasalimia. Kiuno chake mwenyewe hakukijua, wala hakutaka kukijua.

Sababu ilikuwepo. Tangu alipougua, kila jioni baada ya kula alimeza kidonge. Kidonge kilifanya kazi yake barabara: sauti zilizokuwa zikimsema kutoka kwenye nguo zilinyamaza, usingizi ukarudi, mkono ukashika mkasi bila wasiwasi. Lakini kilikuja na mgeni wake, naye ni njaa. Wala si ile njaa ya watu wastaarabu wanaosubiri chakula kiive. Hii ilikuwa njaa isiyo na adabu, inayobisha hodi sahani hazijaoshwa. Fundi alikula mkate, akateremshia soda, kisha akala mkate mwingine ili ahakikishe kama ule wa kwanza ulikuwa mtamu kweli.

Mwaka uliopita alinenepa vivyo hivyo, akachukia, akaanza kutupa vidonge kwenye sinki bila kumwambia mtu. Haukupita muda akawa anafumua nguo za wateja, moja baada ya nyingine, akimtafuta anayesema ndani ya pindo. Alifumua sare za shule. Alifumua suti ya bwana harusi. Mumewe alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kisha akampeleka hospitali akiwa amemshika mkono njia nzima. Kwa hiyo safari hii, dawa zilipoanza upya, Fundi alijiwekea sharti na kulitangaza mezani: kidonge atameza kila siku, ila siku magauni yake yatakapokataa kufunga, siku hiyohiyo ataacha, na asisikie neno la mtu.

"Na habari za mzani sizitaki," alimaliza. "Mimi nina magauni yangu. Gauni halidanganyi."

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache na spana nyingi. Alitazama sahani yake, akasema, "Sawa, mke wangu."

Miezi ikaenda, na ajabu ya Mungu, magauni yakaendelea kufunga. Wifi yake, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikuja siku moja akamzunguka mara mbili pale kwenye kioo.

"Wifi, umeumuka," akasema. "Kaka yangu anakulisha hamira?"

"Wivu huo. Gauni si lilelile unalolijua?"

"Basi hicho kitambaa chako kina huruma sana."

Wakacheka wote wawili. Mume alikuwa pembeni anapiga pasi, maana tangu mkewe augue, kufua na kupiga pasi vilikuwa vyake. Yeye hakucheka. Alikuwa na plasta kwenye vidole viwili, na alipoulizwa zimetoka wapi alisema ni koki ya mteja, koki mbaya sana ile. Fundi akamwonea huruma, akamkatia kipande cha mkate, na chake akakikata kikubwa zaidi.

Kliniki, mara nyingi mume ndiye aliyekwenda kuchukua dawa. Mara hii sista akagoma, akasema mgonjwa aje mwenyewe apimwe, dawa hizi zinaongeza uzito na huweza kupandisha sukari, hawezi kuendelea kutoa vidonge kwa mtu asiyemwona. Fundi akaenda kifua mbele, ndani ya gauni lake la bluu, gauni lilelile. Akachomwa kidole, sukari ikaonekana nzuri. Akapanda mzani. Sista akaangalia, akaangalia faili, akaangalia tena.

"Umeongezeka kilo kumi na moja tangu tukuanzishie."

"Mzani wako umeharibika, sista."

"Mimi nimeupanda asubuhi. Niliutukana, lakini haujaharibika."

"Gauni hili nililishona kabla sijaanza hizo dawa. Lingekuwa limeshapasuka."

Sista alimtazama kwa upole. "Sijui habari za gauni, dada yangu. Najua tu usiache dawa ghafla. Kesho daktari yupo, njoo tuone la kufanya. Yapo ya kufanya."

Hayo ya mwisho Fundi hakuyasikia. Alitembea hadi nyumbani akizungumza na mzani kichwani mwake, akifunga hoja zake vizuri. Alipofika alifunga mlango wa duka, akavua gauni, akavaa kanga, akaligeuza gauni ndani nje juu ya meza ya kukatia ili apate ushahidi.

Mshono wa ubavuni haukuwa wake.

Mwaka jana alimtafuta mtu ndani ya pindo asimpate, na sasa, akiwa na akili zake timamu, mchana kweupe, mtu alikuwemo. Alishika ukingo wa meza. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, kwa sababu aliijua njia hiyo na alijua inaishia wapi.

Kisha jicho la fundi likafanya kazi yake. Kitambaa cha akiba, vile vidole vinne alivyoviacha mwenyewe kila ubavu kwa kuwa mwili haujawahi kuwekeana mkataba na mtu, kilikuwa kimeachiwa chote. Halafu kimeshonwa kwa mkono, uzi mara mbili, juu ya uzi mwingine mara mbili, ukipanda na kushuka kama kuku aliyepita kwenye majivu. Mshono mbaya kuliko wote aliowahi kuona maishani. Na kule mwisho, chini ya kwapa, ncha ya uzi ilikuwa imezungushiwa utepe mweupe, ule ule ambao mafundi bomba huuzungushia koki ili isivuje.

Fundi akakaa chini. Alicheka mpaka machozi yakatoka, halafu akagundua kwamba hacheki tena. Akayaleta magauni mengine matatu. Yote yalikuwa na utepe.

Mume aliporudi na mkoba wake wa spana alikuta chakula mezani, kidonge kando ya glasi ya maji, na magauni manne yametandikwa ndani nje. Akatua mkoba taratibu.

"Hii ndiyo koki ya mteja?" Fundi akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Umenifanya mjinga. Nimemwambia sista mzani wake mbovu, watu wote wanasikia."

"Nisamehe."

"Gauni halidanganyi. Kumbe mwongo ninaye ndani ya nyumba, ananipigia pasi."

Mume alisimama pale pale mlangoni, mikono inaning'inia. Kwa mtu wa maneno machache, alichosema baadaye kilikuwa hotuba.

"Uliweka sharti, mke wangu. Nikaona gauni la kwanza limeanza kukaza. Nikajiuliza, nifanye nini? Unene mimi sina ugomvi nao. Ukijaza mlango nitatanua mlango. Lakini ile siku ulinitazama ukaniuliza mimi ni nani, ile siiwezi tena. Nikachukua sindano."

Fundi akalivuta gauni la bluu. Hasira ilikuwepo, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine.

"Akiba imebaki kiasi gani?"

"Hakuna. Nimefika ukingoni. Jumamosi nilikuwa nakwenda kutafuta kitambaa kinachofanana na hicho cha bluu, nitie kiraka."

"Ungetia kiraka ubavuni mwa gauni langu?"

"Ningepiga pasi vizuri."

Hapo Fundi akashindwa kujizuia, akacheka. Sharti lilikuwa lake, na magauni, kwa haki kabisa, yalikuwa yamekataa kufunga tangu zamani, naye bado alikuwa anameza na akili zake timamu. Alikitazama kidonge. Akautazama ule utepe mweupe. Kisha akachukua glasi, akameza, akafuta mdomo.

"Kesho twende wote kwa daktari," akasema. "Na huu mshono utamwonyesha mwenyewe."

Daktari aliutazama mshono kwa heshima zote. Akasema uongo una ubaya wake lakini dawa imemezwa, hilo ni kubwa. Akaeleza kwamba njaa ile si ulafi, ni dawa inayoichokoza. Kwamba ipo dawa nyingine isiyonenepesha sana, na watahama polepole, hii ikipungua huku ile ikiongezeka, kila hatua akimwona. Soda ziachwe, kiu iishe kwa maji. Mboga zijaze nusu ya sahani. Na miguu itembee kila siku, hata kama ni kwenda kununua uzi.

Kufuata shauri kwa ukamilifu, aliyefuata ni mume. Aliacha soda ili mkewe asizione, akatembea naye kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa, akala mboga kama amelipwa. Matokeo yake alikonda yeye. Siku moja akiwa chini ya sinki la mteja alisimama, suruali ikabaki. Wifi akaisimulia hiyo mtaa mzima, hakubakiza nyumba.

Fundi yeye alikwenda kwa mwendo wake. Mzani kwanza ukasimama, na sista akasema kusimama nako ni kazi. Baadaye ukashuka kilo mbili. Siyo haba. Njaa bado ilikuja, lakini sasa ilibisha hodi na kusubiri.

Jumapili moja aliyafumua magauni yake matatu na kuyashona upya kwa kipimo alichonacho, bila kumwomba mtu radhi. La bluu akaliacha na utepe wake. Kisha akamvutia mumewe kiti, akamkalisha kwenye cherehani.

"Mguu taratibu. Usiusukume uzi, uache uende."

"Mimi nimeshastaafu ushonaji."

"Nani kakwambia? Nikikonda, utayapunguza haya magauni."

Alikanyaga kidogo, mshono ukatoka umenyooka nusu. "Na ukinenepa?"

"Utayaachia." Fundi alimwekea mkono begani, akaulaza hapo. "Lakini uniambie."

"Nitakwambia."

"Haya, shona. Suruali yako inakungoja."