Mke Mwenza wa Machi

Nina mke mwenza, na ubaya wake ni kwamba ni mimi mwenyewe. Angekuwa mwanamke mwingine ningejua pa kumwanzia. Ningemfuata hadi kwake, ningemsema mbele ya majirani mpaka ahame mkoa wetu wote wa Beauce. Lakini huyu ana uso wangu, anatumia jina langu la Marielle, na mume wangu Normand bado anampenda.

Alikuwa akija mwezi wa Machi, maji matamu yanapopanda kwenye miti ya sukari tunayoitoboa. Kwetu mwezi huo halali mtu. Usiku baridi inakaza, mchana jua linalegeza, na miti inadondosha maji mfululizo. Maji hayo hayana subira. Yakilala yanaharibika, kwa hiyo ukoo mzima wa Normand unakesha bandani kuyachemsha mpaka yawe shira, na mwenye kusinzia anachekwa hadi Pasaka. Nilipoolewa nilidhani nimewapata watu wangu, maana Machi usingizi ulikuwa unaniaga wenyewe. Nilipasua kuni, nilipakia makopo ya shira, niliimba, na kesho yake nilikuwa mzima kama sikufanya kitu. Wakwe zangu walinisifia kwa majirani. Ugonjwa haukuonwa na mtu. Walichoona ni mchapakazi.

Halafu ikaja ile Machi yenyewe, ambayo watu wanaizungumzia mpaka leo. Nililipaka banda rangi ya njano kwa usiku mmoja, ndani na nje. Nilialika parokia nzima, padri akiwemo, nikawagawia shira bure. Nilicheza juu ya meza. Niliuza gari la Normand nikanunua piano ambayo haikupita mlangoni, ikabaki uani inanyeshewa theluji. Hayo yote nimesimuliwa. Mimi mwenyewe nakumbuka vipande tu: rangi mikononi, nyuso zinacheka, na hisia kwamba kila kitu duniani kimekaa mahali pake. Baada ya hapo nakumbuka hospitali, na baada ya hospitali kiangazi kizima nimelala nikiutazama ukuta.

Daktari Thibodeau, mama mmoja mfupi asiyejua haraka, ndiye aliyetuelezea. Alisema ni ugonjwa wa hisia, unampandisha mtu mno kisha unamwangusha. Alisema kwa watu wengi kama mimi usingizi ndio wa kwanza kuondoka, na ukiondoka unazidi kumsukuma mtu juu, kwa hiyo tuulinde kuliko tunavyoilinda shira. Akaniandikia lithiamu na akaniamuru niwe kitandani saa tatu usiku, mwaka mzima. Normand akamuuliza kama Machi pia. Akajibu kwamba Machi hasa.

Ndiyo maana sasa, msimu ukifika, napelekwa kulala kama mtoto. Navaa soksi za sufu, nazima taa, na kutoka bandani nasikia vicheko na vijiko vinavyogongwa kufuata fidla. Nautamani mvuke ule wa shira jamani, nautamani mpaka mwili unaniwasha. Nalala, tena nalala vizuri, dawa inafanya kazi yake. Lakini asubuhi naamka nikiwa mtu aliyekosa harusi ya kwao.

Wifi yangu Huguette, dada yake Normand, ana maoni yake kuhusu jambo hili, kama alivyo na maoni kuhusu kila jambo. Anasema dawa zimeninyang'anya tabia yangu. Zamani, anasema, ukikaa na Marielle mbavu zinauma, siku hizi ukikaa naye unamaliza kufuma soksi. Nilikasirika, lakini neno lile liliniingia. Nikamuuliza daktari, mimi halisi ni nani, yule au huyu?

"Tabia ni ile unayokaa nayo miaka yote, uwe juu au chini," alisema. "Ukarimu ni tabia yako. Kuuza gari la mume wako ni ugonjwa."

Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Nilipofika nikagundua kuwa sijaridhika.

Sasa nije kwenye Jumapili iliyonitibua. Jumapili za Machi wageni wanajaa kutoka mjini, tunawalisha supu ya dengu, mayai na nyama ya nguruwe, kisha tunawamiminia shira ya moto juu ya theluji igande, waizungushe kwenye vijiti waile kama peremende. Normand alikuwa amesimama penye karai lake, nami napita na chungu cha supu. Kulikuwa na vijana wawili, mtu na mchumba wake, wakamuuliza kwa nini banda ni la njano. Basi akaanza. Alisimulia rangi, akasimulia padri aliyecheza mpaka kola ikafunguka, akasimulia piano. Hospitali hakuigusa. Macho yalikuwa yanamng'aa, na sauti ilikuwa ile aliyonitongozea.

"Mngemwona mke wangu," akawaambia. "Alikuwa moto yule, nyie."

Alikuwa. Mimi nimesimama nyuma yake na upawa mkononi. Yule binti akanitazama, akanichukulia kuwa mpishi, akaomba aongezewe supu. Nikamwongezea.

Wiki ile kichupa cha dawa nilikishika mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Nilijua njia ya kumrudisha yule mwanamke. Ningeacha vidonge, ningekaa bandani kukesha na wenzangu, na baada ya muda angekuja mwenyewe anacheka. Kilichonizuia ni binti yetu Élodie. Siku zile za yule mwanamke nilimsahau mlangoni mwa shule, kwenye baridi kali, kwa sababu nilikuwa nanunua piano. Sasa ni msichana mkubwa anayesoma Québec, na mpaka leo nikichelewa kupokea simu, sauti yake inabadilika. Nikakirudisha kichupa kabatini. Lakini wivu haukurudi kabatini nacho. Nikawaza, kama Normand anamtaka huyo mwanamke, nitampa, tena bila ugonjwa. Si namjua? Nitamwigiza.

Jumapili iliyofuata, saa kumi jioni, banda limejaa, nikaingia nimevaa gauni langu la kijani la enzi hizo na rangi ya mdomo nyekundu. Nilikuwa nimelala vizuri na dawa nimekunywa. Nikaanza kuongea kwa sauti ya juu na haraka, mada hii, mada ile. Nikatangaza kwamba mwakani najenga hoteli hapahapa, yenye vyumba mpaka mtoni. Nikamwondolea mzee mmoja kofia nikaivaa. Nikamnyang'anya mpiga fidla viazi vyake nikamwambia ale baadaye, apige kwanza. Halafu nikapanda juu ya meza.

Watu walilipuka. Huguette alianza kulia kwa furaha, ananionyesha kwa wageni. "Mnamwona wifi yangu? Karudi! Si niliwaambia?" Vijiko vikagongwa, miguu ikapiga sakafu, na mimi nacheza. Nawaambieni kitu kimoja ambacho sikukitegemea. Pale juu, katikati ya makofi, nilikuwa namtafuta yule mwanamke. Nilidhani nikizifanya ishara zake zote atanisogelea kidogo, nitauonja ule uhakika wake kwamba kila kitu kimekaa mahali pake. Hakuja. Nilikuwa mwanamke wa makamo, goti linauma, nahofia kukanyaga mayai.

Ndipo nikamtazama Normand. Mjue kwamba Normand haachi karai. Shira ikishakaribia kuiva inaungua ukipepesa macho, na mtu huyu, siku Élodie anazaliwa, aliniambia nijikaze mpaka aepue. Sasa alikuwa ameliacha. Alikuja moja kwa moja akiwapangua watu, uso hauna damu, akanishika kifundo cha mkono, akaniteremsha, akanitoa kwa mlango wa nyuma penye rundo la kuni.

"Umeacha lini?" akaniuliza.

"Nimeacha nini?"

"Dawa, Marielle. Niambie tu. Sitagomba. Umeacha lini?"

Nikamwambia sijaacha. Akaniuliza nimelala saa ngapi jana, akaniuliza leo ni tarehe gani, akanishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga ayaone macho yangu. Nikamwambia nilikuwa naigiza. Akaniambia niseme tena, taratibu. Nikasema tena, taratibu, naye akakaa juu ya kuni zenye theluji, hata bila kuipangusa. Mimi niliyekuja kumkomoa nikajikuta nataka kumfunika blanketi.

"Sasa kwa nini, mke wangu?" akasema.

"Kwa sababu unampenda kuliko mimi. Wiki iliyopita ulikuwa unamsimulia kama bwana harusi. Mimi niko nyuma yako na supu."

Nilingoja akane. Nilikuwa tayari kuupokea hata uwongo, mradi usemwe vizuri. Lakini Normand hajui kudanganya. Ndiyo maana hata biashara inamshinda.

"Nina hamu naye," akasema. "Machi ikiingia namwonea hamu mpaka kifua kinauma. Lakini leo nilipodhani kaja kweli, nilichowaza ni simu iko wapi. Mtu unamwonea hamu hivyo, halafu akitokea unamwitia daktari. Huyo utamfanya nini?"

"Nilidhani utafurahi."

"Hata mimi nilikuwa nadhani ningefurahi."

Harufu ya kuungua ikatoka mlangoni. Huguette akawa anapiga kelele ndani, anamwita kaka yake kwa majina yote aliyobatizwa nayo. Nikamwambia Normand karai linaungua. Akasema liungue. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kusikia maneno hayo kutoka kwake, na nikiwa mkweli, yalinigusa kuliko pete. Nikakaa pembeni yake. Baridi ilipenya gauni lile la kipuuzi, akavua koti lake akanivisha.

Kulikuwa na swali ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa sababu kila mara yule mwanamke alipotajwa nilikuwa na kazi ya kumchukia. Kila mtu pale Beauce alimwona isipokuwa mimi.

"Niambie," nikasema. "Mimi sikumbuki. Alikuwa na furaha?"

Alitafuta jibu lisiloniumiza, maskini, na hakulipata.

"Sana," akasema. "Sijawahi kuona mtu mwenye furaha vile. Si mimi, si wewe, si siku ya harusi yetu."

Tuliporudi ndani Huguette alikuwa ameshaliepua karai, jeusi tii. Nikawaambia watu kwamba nilikuwa nawachezea tu, Marielle wa zamani hajarudi na wala hatarudi. Wageni wa mjini hawakuelewa. Wa kwetu walielewa, na nilivyoona nyuso zao zinavyonywea nilitamani kuwaomba radhi, kama mtu aliyeleta habari za msiba kwa mara ya pili. Huguette alinitazama akafungua mdomo, kisha, jambo la ajabu, akaufunga. Akaniletea siki na brashi ya chuma, tukasugua karai sisi watatu mpaka vidole vikafa ganzi.

Maji yaliendelea kudondoka kwenye miti yote, kwa hiyo Normand alibaki bandani na karai la akiba. Ilipofika saa tatu nilipanda chumbani peke yangu. Nilikaa kitandani na kidonge kiganjani. Daktari angesema ninajikinga na ugonjwa, na ni kweli, sibishani naye. Lakini mimi nilijua na jambo la pili. Nilikuwa namfungia mlango mwanamke mwenye furaha kuliko wote niliowahi kusikia habari zao, na nje kulikuwa na baridi.

Nikameza. Nikazima taa. Nikamlilia taratibu, uso kwenye mto, ili Normand asinisikie akadhani naumwa.