Mama wa Ulaya

Timotheo, karani wa shamba la mkonge upande wa Muheza, aliugua homa ya mkojo mweusi, na kabla juma halijaisha alikuwa amezikwa. Mkewe, Elizabeti, akabaki na binti mchanga aitwaye Anjela na kazi yake ya uuguzi katika wodi ya watoto mjini Tanga. Ndugu wa mume walikaa matanga, wakalia naye, wakasema mtoto ni wa ukoo na hatapotea. Walisema kweli.

Wodini kwao watoto waliletwa miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi kama ndevu za hindi, wasiotaka kucheza wala kutazamwa. Huko majumbani watu walisema wamebemendwa, kwamba wazazi wamevunja mwiko, na akina mama waliingia hospitali wameinamisha vichwa kwa aibu. Elizabeti aliwalisha maziwa kwa kijiko. Walipona, wakaenda zao, na baada ya miezi michache baadhi yao wakarudi vilevile walivyokuja. Jambo hilo lilimkera. Akawa anawauliza akina mama wanapika nini, baba huandaliwa nini, na sufuria ikishapakuliwa mtoto huachiwa nini.

Daktari wa wodi, Mzungu wa makamo asiyependa maneno mengi, alimsikia. Siku moja akamwita barazani akamweleza kwamba kuna nafasi ya masomo Uingereza, katika chuo kikuu, kwa muuguzi mmoja wa kusomea utaalamu wa chakula cha wagonjwa. Ni miaka minne, kwa kuwa kemia yake haikutosha na ingembidi aanze chini.

"Nina mtoto, daktari," Elizabeti akasema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuuliza kwanza, sijapeleka jina lako."

Elizabeti alipanda mlima hadi Amani, kwa wifi yake Praxeda. Huyu alikuwa dada wa marehemu Timotheo, mke wa Luka, fundi seremala katika kituo cha utafiti kule msituni. Praxeda alikuwa ameolewa siku nyingi na hakujaliwa mtoto. Walikaa jikoni wakimenya magimbi, Anjela akitambaa kati yao, na Elizabeti akamweleza habari yote, akitumaini kidogo kwamba wifi yake atakataa.

Praxeda hakukataa. Alimnyanyua Anjela, akampangusa majivu mkononi. "Nenda, wifi," akasema. "Ukirudi utamkuta. Mimi nitamlea kama jicho langu."

Basi Anjela akaachwa Amani, na mama yake akapanda meli.

Kuna mambo ya Ulaya ambayo Elizabeti aliyasimulia aliporudi, nayo ni yale ambayo watu walipenda kuyasikia: baridi, treni zinazopita chini ya ardhi, jua linalokuchwa alasiri. Mengine hakuyasimulia. Hakusimulia jinsi alivyofeli kemia mara ya kwanza na kukaa juu ya kitanda chake cha bweni akiwa amevaa koti, asijue amwambie nani. Hakusimulia kwamba vitabu vilivyopima kila chakula cha dunia, hiki kina mafuta kiasi gani na kile kina chumvi kiasi gani, havikuwa na kisamvu wala mnavu, na alipomuuliza mwalimu, mwalimu akamuuliza hayo ni majani ya kulisha mnyama gani. Alijifunza hata hivyo. Alijifunza jinsi tumbo linavyovunjavunja chakula na jinsi figo inavyochuja damu. Mwaka wa mwisho alifanya kazi katika jiko la hospitali moja kubwa, jiko lililokuwa chini kabisa ya jengo, akipima kwenye mizani kipande cha mkate cha mwenye kisukari na yai la mwenye ini bovu, na kusukuma kigari cha vyakula hadi vitandani, ambako wagonjwa wengine walimtazama mikono kabla ya kula.

Juu ya meza yake aliweka picha ya Anjela amevaa gauni la Pasaka. Kila alipoona mtoto wa Kizungu barabarani alimkadiria umri. Sasa Anjela anakimbia. Sasa ameota meno yote. Sasa anajua kuhesabu. Kule Amani nako ilikuwapo picha yake, Elizabeti mwenyewe, amevaa kofia mbele ya ngazi za chuo, na Praxeda alimwonyesha mtoto kila mara: huyu ndiye mama yako, yuko Ulaya, anasoma.

Alifaulu. Jina lake likaandikishwa miongoni mwa wataalamu wa fani ile, yeye akiwa Mwafrika pekee katika darasa lao, na mwaka wa hamsini na saba akashuka bandarini Tanga na sanduku la vitabu. Hakulala mjini hata siku moja. Alipanda gari moshi hadi Muheza, na kutoka hapo akapata lori la kupanda Amani.

Anjela alikuwa uani akichambua maharage. Alikuwa mrefu, miguu myembamba ya baba yake, kidevu cha baba yake. Elizabeti alipiga magoti palepale matopeni na kufungua mikono. Mtoto akasimama, akafuta viganja kwenye gauni, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama wa Ulaya," akasema.

Kisha akageuka akakimbilia jikoni, akiita, "Mama! Mama! Mgeni amekuja!"

Praxeda alitoka, akaona, na uso ukamshuka. "Mama yako ndiye huyu, Anjela. Si nimekwambia?"

"Ndiyo," Anjela akasema, akiwa amejibanza nyuma ya kanga ya Praxeda. "Ni mama wa Ulaya."

Jioni ile watu wazima walizungumza. Luka alikuwa mtu wa haki. "Shemeji, mtoto ni wako," akasema. "Sisi tulipewa amana. Ukitaka kumchukua, hatuna neno." Alisema hivyo, kisha akatoka kwenda kutazama mbao zake, ingawa kulikuwa na giza na hapakuwa na la kutazama. Praxeda alikunja nguo za mtoto moja baada ya moja, akazifunga katika kitambaa. Hakutoa hata chozi. Asubuhi alimsuka Anjela nywele, akamwambia mjini kuna bahari na askrimu.

Elizabeti alipangishwa nyumba Chumbageni, mtaa wa mjini Tanga, vyumba viwili vinavyotazama ua mmoja na nyumba ya Bi Kijakazi, mjane wa Kidigo aliyefuga kuku. Hapo ndipo alipomleta binti yake, naye alikuja bila kelele. Elizabeti alikuwa amejitayarisha kwa kilio. Hakujitayarisha kwa adabu. Anjela alisema ahsante kwa kila kitu. Alikaa pembeni ya kiti kama mtu aliyeambiwa asubiri. Usiku alilala amekunjana upande wa ukutani, na asubuhi alitandika kitanda mwenyewe.

Na hakula.

Siku za kwanza Elizabeti alisema ni ugeni. Alimpikia samaki wa changu kwa nazi, mayai, maharage, maziwa ya moto yenye sukari. Anjela alionja kidogo, akashukuru, akasogeza sahani. "Nimeshiba, mama wa Ulaya." Asubuhi moja Elizabeti alichungulia dirishani akamwona uani, amechutama, anamega yai lake vipande vidogo na kuwatupia kuku wa Bi Kijakazi.

Hakumpiga wala hakumfokea. Alirudi chumbani akakaa.

Wakati huohuo Elizabeti alikuwa amerudi kazini wodini, na jina lake limevuma mjini. Watu walimwita Bibi Chakula. Akina mama walitoka Pangani na Moa wakiwabeba watoto wao, na kwanza kabisa aliwaondolea aibu. Aliwaambia hakuna mwiko uliovunjwa, mtoto amekosa tu vyakula vya kujenga mwili, na vyakula hivyo wanavyo mashambani na baharini kwao. Mtoto aliyekataa kula hakumlazimisha. Alimuuliza aliyemleta: nyumbani nani humlisha? Kama ni bibi, bibi aitwe. Kama ni dada, dada aitwe. Siku moja mtoto wa Moa aliyekuwa amegeuza uso ukutani kwa siku nyingi alifungua kinywa pale tu nyanya yake alipoingia na kukaa kitandani. Mama yake akamshika Elizabeti mikono yote miwili. "Mungu akuwekee na wako, Bibi Chakula," akasema.

Elizabeti akaitikia amina. Kisha akatoka, akapita nyuma ya wodi hadi kwenye mabomba ya maji, akafungua moja limwagike kwa nguvu, ili asisikike.

Mifupa ya mabega ya Anjela ilianza kutokeza. Mvua za vuli zilipoanza akashikwa na homa. Haikuwa homa kali, ila ilikuwa ikija na kwenda, na kila ilipoondoka ilimwacha mwepesi zaidi. Bi Kijakazi alikuja na uji wa mtama, naye pia akakataliwa. Yule mama mtu mzima akaketi kwenye mkeka, akamtazama Elizabeti.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikusoma, na wewe umesoma hadi ng'ambo. Lakini unaona ninachokiona. Mtoto huyu ana majonzi. Anamlilia mamaake."

"Mama yake ni mimi, Bi Kijakazi."

"Najua, mwanangu. Najua."

Kesho yake Elizabeti alimtumia Praxeda habari kwa dereva wa lori la Amani.

Praxeda alifika mchana, ameloa hadi magotini, na kapu lenye magimbi ya kuchemsha yaliyofungwa kwa majani ya mgomba. Hakusubiri kukaribishwa. Alipita moja kwa moja hadi kitandani. Anjela alifumbua macho, akamwona, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtoto mwenye adabu hata kidogo. Alilia kwa nguvu, akimpiga Praxeda kifuani kwa ngumi zake, "Uliniacha! Uliniacha!" Praxeda akampakata, akamwacha apige. Baadaye, mtoto alipochoka, akamenya gimbi, akachovya katika chumvi, akamtia mdomoni. Anjela akala. Akala la pili, makamasi yakimchuruzika, akimshika Praxeda kifundo cha mkono asije akauondoa.

Elizabeti alikuwa amesimama mlangoni. Gimbi baridi na chumvi. Alijua kilichomo na alijua kisichokuwamo, na angetoa vyote alivyojua auone mkono ule ukiwa wake.

Mtoto alipolala, wanawake wale wawili walitoka ukumbini. Praxeda ndiye aliyeanza, kwa hasira ya mtu aliyejizuia muda mrefu.

"Usidhani nilimwiba, wifi. Nilimfundisha jina lako kabla hajajua langu. Aliponiita mama nilimwambia hapana, mimi shangazi. Nilimwambia hivyo mpaka nikachoka. Alikuwa mdogo, anaumwa masikio, analia mama, mama. Ningemwambia nini? Mama yuko Ulaya?"

"Sikulaumu."

"Unanilaumu."

Elizabeti alifikiri. "Nilikulaumu nilipofika," akasema. "Sasa sijui namlaumu nani."

Praxeda akajifuta uso. "Nitakaa naye hapa juma moja, azoee. Nitamlisha, kisha wewe utamlisha huku mimi nipo, halafu nitaondoka taratibu. Labda ataweza."

Ndivyo hasa ambavyo Elizabeti mwenyewe angemshauri mtu wodini. Alitazama mlango wa chumba. Alifikiria mtoto kudanganywa tena, kuamka tena asubuhi na kukuta upande wa pili wa kitanda hakuna mtu. Alifikiria pia kuacha kazi na kuhamia Amani, lakini alikuwa amejifunga kwa mkataba kuitumikia serikali, na wodi ilikuwa imejaa. Hata huko Amani angekuwa nani? Mgeni wa kudumu mlangoni mwa mwenzake.

"Homa ikishuka, mchukue," akasema.

"Wifi!"

"Mchukue, Praxeda. Nisije nikageuza kauli."

Praxeda akaanguka magotini, akamshika miguu, na hapo ndipo alipolia. Alilia kwa furaha, na kwa kuionea furaha hiyo haya. Elizabeti alimwinua.

Siku ya safari aliwasindikiza hadi kwenye lori. Anjela alikuwa amechangamka, na kwa kuwa Praxeda alimwambia, amevaa viatu alivyoletewa na Elizabeti kutoka Ulaya, ambavyo tangu aje hakuwa amevivaa hata siku moja. Alipopandishwa alinyoosha mkono kwa hiari yake. "Kwaheri, mama wa Ulaya," akasema, "utakuja kututembelea?"

"Nitakuja."

Akawa anakwenda, kila alipopata ruhusa. Alimpelekea madaftari na vitambaa vya magauni. Baadaye, bila kufundishwa na mtu, kwa kuwa watoto hupanga watu wao wanavyowaona, Anjela aliacha kumwita mama wa Ulaya akaanza kumwita shangazi. Mara ya kwanza alipolisema neno hilo, Praxeda aliacha kupepeta mchele na Luka akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Shangazi, njoo uone vifaranga," mtoto alisema, akimvuta mkono.

"Nakuja, mwanangu," Elizabeti akajibu, kama mtu mzima yeyote anavyomjibu mtoto yeyote, akainuka akamfuata.