Mguu wa Mama Mkwe

Gari la rangi ya maziwa lilikaa chini ya turubai miaka kumi na mmoja, na sababu yake mtaa mzima uliijua. Siku hiyo ya mkosi breki zilikataa mteremkoni, marehemu baba mkwe akang'ang'ana na usukani, na gari likasimama lilipotaka lenyewe: kwenye ukuta wa duka. Hakuna aliyeumia, ila mama mkwe alitoka na kiatu kimoja mguuni, akarudi nyumbani hivyo hivyo, akala kiapo kwamba gari lile halimbebi tena. Na huyu mama akisema, amesema.

Basi mke wa mwanawe, ambaye ni fundi magari na ana gereji yake, akaamua kulifufua. Usidhani alitafuta sifa za mtaa. Alitaka jambo moja tu: mama mkwe akae kiti cha mbele, washuke wote mlima ule ule. Miaka saba ya ndoa amesikia akitambulishwa kwa wageni, "Huyu mke wa mwanangu, anajishughulisha-shughulisha na magari." Shughulisha-shughulisha! Mtu anayeshusha injini asubuhi na kuipandisha jioni!

Akang'oa breki za zamani, akafunga za diski. Akapachika gurudumu la mbele, akalizungusha. Krrr! Likagoma. Kile chuma kinachobana diski kilikuwa kinagusa ringi kwa ndani. Breki mpya ni nene, ringi za zamani ni ndogo, na yeye, fundi mzima, hakupima kwanza. Alijitukana mpaka akachoka. Ikabidi atafute ringi kubwa kidogo, za chuma vilevile, akazipaka rangi ya maziwa, na katikati akarudishia vile vifuniko vya kung'aa ambavyo marehemu alikuwa akivisugua kila wiki. Mama mkwe alipita na ndoo yake, akavitazama, akaenda zake. Lakini alirudi kuvitazama mara ya pili.

Ikabaki kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Kazi hiyo ni ya watu wawili: mmoja chini anafungua na kufunga nati, mwingine juu anakanyaga pedeli, na asiachie mpaka aambiwe. Akiachia mapema hewa inarudi, na hapo ukikanyaga breki ni kama umekanyaga godoro. Mume akaitwa. Mume huyo, mzuri kwa mengine yote, hana subira ya dakika mbili. Akaachia mapema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Toka hapo!" Sauti ilitoka barazani. Mama mkwe aliweka kando gauni alilokuwa akishona. "Miaka arobaini naendesha cherehani kwa mguu huu, sijawahi kuwa na pupa. Toka, nikae mimi."

Fundi, akiwa chini ya gari, akajiuliza moyoni. Na kile kiapo je?

"Limeinuliwa juu ya vyuma," mama akasema, utadhani kaulizwa. "Lisilotembea si gari."

"Mama, naomba ukanyage kidogo... Sasa, samahani, naomba ushikilie..."

"Wewe! Ukimaliza kuniomba radhi jua litakuwa limezama. Sema kama fundi!"

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia! Haya, achia!"

Wakaenda hivyo gurudumu hadi gurudumu, mpaka mafuta ya breki yakatoka safi. Fundi akafuta mikono, akasema kazi imekwisha. Mama akatikisa kichwa. "Bado. Kuna kitu kinacheza chini ya unyayo wangu."

Fundi akarudi chini kwa heshima tu, hakuamini. Gurudumu la nyuma, lile la mbali kabisa, likatema povu: hewa ilikuwa imebaki.

"Lo! Mama, mguu huo nauajiri gereji kesho."

"Hunimudu," mama akajibu, na alikuwa anacheka.

Asubuhi fundi alilijaribu gari peke yake barabara ya tambarare, mara kumi, likatii. Akarudi getini kumwomba mama apande. Hakuhitaji kuomba. Mama alikuwa amesimama pale na viatu vilivyofungwa kamba barabara. Akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Usinitazame hivyo. Zile breki sikuzijua. Hizi nimezikanyaga mwenyewe."

Wakaanza kuteremka. Mwenye duka kule chini akaliona gari linakuja, rangi ile ile, njia ile ile. Akanyakua kigoda chake, mbio ndani! Fundi akakanyaga. Gari likapunguza mwendo bila kelele, likatulia hatua nne kutoka ukutani, pale penye kiraka cha saruji.

Mwenye duka akachungulia. "Jamani! Nani kawatengenezea breki?"

"Kawatengenezea?" Mama alishusha kioo chote. "Uliza vizuri. Fundi ni huyu hapa, binti yangu. Mguu ni wangu."

Binti yangu. Fundi alishika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, kifua kimemjaa fahari.

"Sasa unalia nini?" mama akamuuliza. "Geuza gari, turudi juu tushuke tena. Kuna watu hawajatuona."