Tangi la Mizoga

Asubuhi ile Ercilia Guineo aliunguza viazi vya mama yake mpaka vikawa makaa, na pua yake haikumwambia kitu. Mama mwenye kifua kibovu ndiye aliyekohoa kwa moshi. Ercilia alibaki amesimama na mwiko mkononi. Alijua dalili hiyo ni ya nini. Redio ilikuwa imeitaja tangu Machi.

Kiwanda cha samoni kiko mwisho wa mji wa Quellón, na upepo wa Julai pale, katikati ya majira ya baridi, hauna huruma. Ercilia na wafanyakazi wenzake walipanga foleni nje nusu saa, kisha mlinzi akawalenga vipaji vya nyuso kwa kipimajoto. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Kwa kipimo hicho wote walikuwa maiti, lakini aliandika kuwa ni wazima.

Kwenye mkanda unaopitisha minofu, Ercilia alisimama bega kwa bega na Mirta Nahuelquín, mwenye mimba ya miezi sita, wakinyofoa miiba kwa koleo. Redioni waziri aliwashukuru wafanyakazi wanaoibeba nchi wakati huu mgumu.

"Anatushukuru akiwa wapi?" Mirta akauliza. "Sebuleni kwake, miguu kwenye hita."

Wanawake wakacheka. Ercilia hakuweza. Minofu ilipita chini ya pua yake, mmoja baada ya mwingine, na haikunuka chochote. Akasogea pembeni kidogo.

"Mbona unanikimbia, dada? Nanuka?"

Ercilia aliweka koleo chini, akamfuata don Ramiro, msimamizi, kwenye korido.

"Bosi, sisikii harufu. Tangu asubuhi."

Don Ramiro alirudi nyuma hatua mbili, akapandisha barakoa. "Langoni umepimwa ngapi?"

"Thelathini na nne. Lakini ile ni baridi, bosi, sote tu..."

"Basi huna homa."

"Naomba nikapimwe. Mirta ana mimba."

"Nikikuandika wewe, nafunga mkanda mzima. Wenzako wakae nyumbani wiki mbili bila mshahara. Niwaambie ni wewe?"

Ercilia akatikisa kichwa.

"Husikii kabisa?"

"Kabisa."

Uso wa don Ramiro ukalainika. "Basi kuna kazi inakufaa. Nenda kwenye tangi."

Tangi lilikuwa kwenye banda la nyuma, limejaa samaki waliofia kwenye vizimba vya baharini wakaoza wakingoja kusagwa. Hakuna aliyedumu pale saa nzima kwa uvundo.

"Na umchukue Mirta," akaongeza. "Kama unaumwa kweli, mwenzio ameshaupata. Sitaki awaambukize wengine."

Mirta alistahimili dakika kumi. Kisha akashusha barakoa mpaka kidevuni, akatapika, akainuka akihema, machozi yakimtoka. Don Ramiro alikuwa amefunga mlango kwa nje, harufu isifike ofisini.

"Nishike, dada, naanguka."

Ercilia akamkumbatia, akageuzia uso wake mwenyewe ukutani asimpumulie, akabana pumzi mpaka zikamshinda.